Karatasi ya Sita

Zuhura alinipigia simu nikiwa nachambua maharage uani. Aliniambia mama yake amefariki alfajiri, huko kwao Tanga, na maziko ni alasiri ile ile. Nisingefika hata ningeota mbawa. Nikamwambia nitakuja kwenye hitima, nikaweka simu chini, nikaendelea na maharage yangu mpaka yakaisha, kumbe mazima na mabovu nimeyarudisha bakuli moja. Mama yake ni Bi Mwanaidi, mwanamke aliyenifundisha ukutubi wa hospitali pale Kasulu katika miaka ya sabini, mwaka ule watu walipokuwa wakihamishiwa vijijini na zahanati zetu zikafurika. Kazi hiyo nimeifanya mpaka nikastaafu. Vyeti nimepewa, picha nimepigwa, vijana wananiita mama wa maktaba nami naitika bila aibu. Ila cheti cha kwanza, kile kilichofungua mlango wa vingine vyote, nina neno nacho. Safari ya basi kutoka Kigoma hadi Tanga ni ndefu, nami nilipata muda wa kutosha wa kulipanga neno hilo kichwani.

Nilianza hospitalini kama dobi. Nilikuwa nakunja mashuka, na nadhani Bi Mwanaidi aliniona kwa mikunjo yangu, maana siku moja alisimama mlangoni pa chumba cha kufulia akanitazama kwa muda, kisha akauliza kama najua kusoma Kiingereza. Nikasema najua kidogo. Akaniambia niache mashuka nimfuate. Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya wodi ya watoto, na dirisha lake lilitazama mstari wa kanga na nepi zilizoanikwa. Ilikuwa na makabati matatu yenye vioo, meza ya kusomea, kabati dogo la kadi, na kopo la gundi ambalo harufu yake naisikia hadi leo. Yeye aliletwa na serikali kutoka pwani, mtu wa baibui na tangawizi, na baridi ya Kasulu ilimtesa. Alikuwa akituchekea Kiswahili chetu. Alisema Waha tunaongea kama watu waliobeba jembe begani, kila neno tunalitua chini kabla ya kuokota jingine. Mimi nami nilimwambia watu wa pwani huongea kama wanaonja mchuzi, akacheka mpaka akashika meza. Tulipendana haraka, nalisema wazi, na ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma vile.

Utaratibu wa kupata cheti ulikuwa huu. Unatumikia mwaka mmoja chini ya mkutubi mwenye cheti. Kila kazi unayoifanya unaiandika kwenye rejista na kutia saini, na kila Ijumaa yeye anapitia anatia saini yake juu ya yako. Mwaka ukiisha anakuja mkaguzi kutoka Dar es Salaam, anafungua makabati, anafungua rejista, anakuuliza maswali. Ukipita, unapelekwa kwenye kozi na unarudi mkutubi msaidizi, mtu mwenye cheo na kiti chake. Ukishindwa, mashuka yanakusubiri. Na kwa Bi Mwanaidi pia kulikuwa na jambo: mkaguzi akiridhika, chumba chetu kingetambuliwa kuwa mahali pa kufundishia wakutubi wa hospitali, naye angekuwa mkuu wake. Mwanamke, tena Mwislamu, katika hospitali iliyojaa misalaba. Hakulisema sana, ila nilimsikia asubuhi moja akilirudia peke yake huku akipanga kadi.

Kazi yetu kubwa ilikuwa masanduku. Kila zahanati iliyokuwa chini ya hospitali yetu ilipelekewa sanduku la mbao lenye vitabu, likakaa huko miezi mitatu, kisha likabadilishwa. Ndani ya kila kifuniko nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu, kwa wino mweusi, amri ya Bi Mwanaidi: Usikisie, fungua kitabu. Waganga wasaidizi wa vijijini walikuwa peke yao kule, hawana wa kumuuliza, na kitabu ndicho kilikuwa daktari wao mkuu. Kilichotafutwa kuliko vyote ni kitabu cha dozi. Tulikuwa na nakala sita. Sasa, wachapaji walipogundua kosa katika kitabu, hawakukichapa upya. Walituma kwa posta karatasi ndogo za masahihisho, moja kwa kila nakala, nawe unaibandika juu ya mstari uliokosewa. Bi Mwanaidi alikuwa na sheria moja ambayo hakuitania kamwe: unabandika kwanza, saini baadaye, nakala moja moja. Usitie saini kwa ajili ya kitabu ambacho hakiko mbele ya macho yako.

Zilikuja karatasi sita kuhusu sindano mpya ya homa kali. Wachapaji walikuwa wameweka dozi ya mtu mzima kwenye safu ya watoto. Nilibandika tano. Ya sita sikuiona kabatini, nikasema lazima iko mezani, kuna mwanafunzi anaisoma, nitaifuata. Ilikuwa Ijumaa, Bi Mwanaidi anataka rejista, nami nikatia saini nakala zote sita kwa mkupuo mmoja, chap, chap, chap, kama mtu anayepanda maharage. Naye akatia yake juu. Nakala ya sita haikuwa mezani. Ilikuwa imeondoka na sanduku wiki moja kabla, kwenda zahanati moja ng'ambo ya Kibondo. Mimi mwenyewe ndiye niliyelifunga sanduku hilo, nikasahau kabisa. Na karatasi nikaisahau pia, ikabaki ndani ya bahasha yake.

Wiki tatu kabla ya mkaguzi kufika, siku ya Jumatatu, nilikuwa nafuta vumbi juu ya makabati nikaangusha bahasha hiyo. Karatasi ikatoka ikaanguka sakafuni. Niliisoma nikiwa nimechuchumaa. Nikakaa pale pale chini nikiwa na kitambaa cha vumbi mkononi. Nilijua mara moja ni nini na kitabu kiko wapi, hilo siwezi kulikana. Bi Mwanaidi alikuwa chumba cha pili anapika chai kwenye jiko la mchina, ananiuliza aongeze sukari au la. Nikajibu iongezwe. Nikaikunja ile karatasi nikaitia kwenye kitambaa changu cha kichwa.

Nikajipigia hesabu za kijinga. Sanduku lingerudi baada ya mwezi, mkaguzi atakuwa ameshaondoka. Nikilipokea ningebandika kimya kimya, nani angejua? Sindano ile ni mpya, huenda kule hawajaipata. Na kama wameipata, Leonidasi, mganga msaidizi wa pale, ni mtu makini. Nilimjua Leonidasi. Wazazi wake walikimbia Burundi akiwa bado shuleni, akasomea uganga huku kwetu, na kila sanduku lilipokwenda kwake lilirudi vitabu vimejaladiwa kwa karatasi za mifuko ya saruji ili visichafuke. Mtu kama huyo, nilijiambia, hawezi kukosea. Jumanne nikajiambia hivyo. Jumanne mchana tulikula ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwa letu, kwa Bi Mwanaidi, kama kawaida yetu, nami tonge la kwanza nikalirudisha sahanini. Akaniuliza kama ni tumbo. Nikasema ni siku zangu za mwezi.

Jumatano asubuhi nilikuwa naandika kadi, na Mganga Mkuu wa hospitali alikuwa kwa Bi Mwanaidi, ukuta ni wa mbao, kila kitu kinasikika. Alikuwa anamuuliza kuhusu mkaguzi. Akamuuliza, huyu msichana wa kufulia unamwamini kweli, maana ukaguzi ukiharibika utaharibika na wewe. Nilisimamisha kalamu. Bi Mwanaidi akasema, "Daktari, saini ya Skola mimi naitilia yangu bila kuisoma." Alitaka kunisifu. Ningekuwa na utu siku ile ningeinuka nikagonga ule mlango. Sikuinuka. Nilibaki pale, masikio yananiwaka moto, nikaendelea kuandika kadi, na ile kadi baadaye niliichana kwa sababu haikusomeka.

Usiku ule sikulala, na Alhamisi kulipokucha Land Rover ya chanjo ilikuwa inakwenda Kibondo. Nikamwambia Bi Mwanaidi nataka kukagua masanduku kabla ya mkaguzi. Akafurahi, akasema sasa nimekuwa mkutubi. Nilikaa nyuma na majokofu ya chanjo, karatasi kwenye kitambaa cha kichwa na gundi kidogo kwenye chupa ya dawa. Mvua ilikuwa imenyesha, tulikwama mara mbili kabla ya Makere na mara moja baada yake. Kila tulipokwama nilishuka kusukuma kuliko wanaume. Dereva akaniuliza nina haraka ya nini, ninaolewa huko? Wote wakacheka nami nikacheka nao.

Zahanati ilikuwa na vyumba viwili na kibaraza. Kwenye kibaraza alikaa mwanamke amenyoosha miguu, mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi amelala mapajani. Nilimpigia makofi ya heshima, kama desturi yetu, nikamsalimu kwa Kiha, mwakeye, naye akaitika kwa sauti ndogo bila kuinua macho. Leonidasi alitoka ndani. Hakuwa amenyoa, macho mekundu. Aliniambia mtoto yule aliletwa jana na homa kali, dawa mpya ipo, akafungua kitabu kama tulivyomwagiza, akapima, akachoma. Baada ya muda mtoto akakakamaa, akatapika, akapoteza fahamu. Amekaa naye tangu jana mchana, leo alfajiri amefungua macho, atapona, amemshukuru Mungu. Jambo moja tu. Akageuka akapiga makofi mara moja, kwa nguvu, karibu na sikio la mtoto. Mama alishtuka. Mtoto hakushtuka, hakusikia kitu.

Jana. Nataka msomaji wangu alielewe hilo kama nilivyolielewa nikiwa nimesimama kwenye kile kibaraza. Jana ni Jumatano. Mimi nilijua tangu Jumatatu. Jumanne kulikuwa na gari la kwenda Kibondo, niliwaona wakipakia mafuta. Ningesema Jumatatu, chai ile ikiwa bado jikoni, kitabu kingefikiwa Jumanne, na yule mtoto angechomwa dozi yake.

Leonidasi alinipeleka ndani akanionyesha kitabu, kimejaladiwa vizuri, ukurasa umewekewa kijiti. "Nimesoma mara tatu, dada," aliniambia. "Kitabu hakikosei. Ni mkono wangu ndio umekosea kupima." Kisha akanipa barua iliyofungwa, ya Mganga Mkuu, akaniomba niifikishe. Alikuwa amejishtaki. Ameandika kwamba amezidisha dozi kwa uzembe, kwamba tangu leo hagusi sindano, na kwamba anasubiri kufutiwa cheti chake. Aliniambia hayo yote kwa utulivu, huku akinitafutia kikombe cha uji. Miaka minne alikisomea kile cheti, mkimbizi, kwa lugha ya tatu. Nami gundi ninayo, karatasi ninayo, na mdomo ninao. Nikanywa uji. Nikamwambia kitabu kinahitajika Kasulu kwa ajili ya ukaguzi, nikakitia kwenye kikapu pamoja na barua yake. Aliniombea safari njema.

Tulilala Kibondo mjini, Ijumaa tukarudi. Sitasema kwamba njiani nilipigana na shetani, wala kwamba nilisali. Nilikuwa nimechoka tu, na kikapu kilikuwa kizito magotini. Nilipofika, Bi Mwanaidi alikuwa amemaliza kuswali alasiri, anakunja mkeka. Nikaweka mezani vitu vitatu: kitabu, karatasi ya sita, barua ya Leonidasi. Nikasimama kama dobi. Alisoma karatasi. Akafungua kitabu kwenye kijiti. Akaifungua barua, akaisoma hadi mwisho, akaikunja tena kwa mikunjo yake. Alikuwa mweusi, ila siku ile uso wake ulipauka nikauona. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Umeijua lini?"

Nikasema, "Jana asubuhi, Bi. Nilipoiona tu, nikaomba gari."

Ulimi ulitoka wenyewe, laini, kama uliofundishwa. Nami nilikuwa nimekuja kutubu! Akanitazama, macho yakamlengalenga, akasema, "Basi angalau hukulala nayo." Akafungua rejista, akachukua wino mwekundu, akakata saini yangu, akakata na yake, akaandika pembeni yote yaliyotokea na siku zake kama nilivyomwambia. Halafu akavaa baibui akaenda kwa Mganga Mkuu kabla jua halijazama. Hakunipigia kelele hata siku moja. Angenipigia ningeshukuru.

Leonidasi alibaki na cheti chake. Aliandikiwa barua ya kuombwa radhi, na Bi Mwanaidi ndiye aliyeiandika. Mkaguzi alipokuja, mtu mfupi mwenye suti ya kijivu, Bi Mwanaidi hakungoja aulize. Alimfungulia rejista kwenye ukurasa ule mwekundu, akaiweka mbele yake, akarudi nyuma hatua mbili. Yule bwana alisoma kimya, akatuuliza maswali machache, akafunga kalamu yake. Mwaka wangu ulifutwa. Chumba chetu hakikutambuliwa. Mimi nilirudi kwenye mashuka, na wenzangu dobi walinipokea kwa mizaha, mkutubi karibu, jalada lako hili hapa, wananirushia foronya. Nilivumilia. Niliona hata ni haki, nikafua kwa bidii mpaka ngozi ya vidole ikachunika.

Baada ya miezi michache Bi Mwanaidi akahamishwa, si kwa cheo. Siku mbili kabla ya kuondoka aliniita chumbani kwake. Vitu vilikuwa vimefungwa, tulikaa juu ya mabegi tukinywa chai kwa zamu, kwa kuwa kikombe kilichobaki kilikuwa kimoja. Alisema amewaandikia wakubwa kuomba nirudie mwaka wangu mahali pengine, chini ya mtu aliyemfundisha yeye. Akataka nisikie alichoandika kabla hajaifunga bahasha, maana hapendi kumsema mtu nyuma yake. Akasoma. Alisema kosa langu lilikuwa kubwa na ameliona kwa macho yake. Akasema kazi hii haihitaji mtu asiyekosea, maana hayupo, inahitaji mtu ambaye akigundua kosa lake anainuka siku ile ile kulifuata. Akasema, Skola aliinuka siku ile ile. Hilo ndilo lililobeba barua nzima, kwingine ni salamu na anwani. Akanitazama akauliza kama kuna la kurekebisha.

Nikasema, "Hapana, Bi."

Kwa barua hiyo nilipata mwaka mwingine. Nikapita, nikaenda kozi, nikapata cheti, na juu ya cheti stashahada, na juu ya stashahada ukuu wa maktaba ya chuo. Nimefundisha vijana wengi. Kila kundi nimelifundisha kubandika kwanza na kutia saini baadaye, na kila kundi nimelisimulia habari za dobi mmoja aliyekosea akakiri, nao wamenipigia makofi. Leonidasi aliniandikia mara moja, miaka mingi baadaye, akanijulisha kwamba amestaafu, na kwamba mtoto yule sikio moja lilirudi kusikia. Yule mtoto, aliandika hivyo tu. Barua hiyo nilimjibu kwa kurasa mbili za salamu.

Tanga nilifika siku ya tatu. Baada ya hitima wanawake walikaa kwenye mikeka, sahani za pilau zinazunguka, na Zuhura akawaambia kwamba mimi ndimi yule Skola. Wote wakanijua! Kumbe Bi Mwanaidi alinitaja maisha yake yote. Msichana wa Kasulu aliyeinuka siku ile ile akakiri, aliwalelea watoto wake kwa habari zangu, na kila mtoto alipovunja kitu akaficha, alitajiwa mimi. Mama mmoja akanishika mkono akanibusu.  Nilimwomba Zuhura tuingie ndani, tukakaa kwenye kitanda cha marehemu ambacho tayari kilikuwa kimeondolewa godoro, nikamwambia. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Gari la Jumanne lililokuwa linapakia mafuta. Chai, migebuka, ukuta wa mbao. Nilimwambia mama yake alipoteza cheo chake kwa kosa langu, kisha akanipa cheo kwa uongo wangu, na ameingia kaburini akiamini.

 Zuhura ni mwuguzi, mtu wa makamo sasa, ana pua ya mama yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na nilikuwa nimejiandaa hata kwa msamaha. Nilitegemea tu tutazungumza juu ya mama yake.

"Na huyo mtoto," akaniuliza, "aliitwa nani?"

Nimeandika majina maisha yangu yote. Ya vitabu, ya waandishi, ya walioazima na siku walizoazima.  La mtoto yule sikuwahi kuliuliza.